Uzi wa kusoma patani za krosheti: uliyekwama mstari wa tatu, pita hapa

FumuaFuma (mleta uzi):

Habari za jioni wakuu, na akina dada mnaofumia kwenye foleni.

Nipo Igoma, Mwanza. Nafuma tangu nikiwa darasa la sita. Mama ndiye aliyenishikisha kulabu, tukianza na vitambaa vya makochi. Mama hajawahi kusoma patani (maelekezo ya kufuma yaliyoandikwa) hata siku moja. Anakitazama kitambaa cha jirani, anakigeuza upande wa pili, anarudi nyumbani anakifuma. Mimi sina jicho hilo, ndiyo maana nikaingia kwenye patani za maandishi. Zimenitoa jasho. Nafungua uzi huu kwa sababu swali lile lile naulizwa faragha kila wiki: "Dada, nimefuata kila neno, mbona imetoka hivi?"

Mwaka jana nilipokea oda ya sweta ya ubatizo, mtoto wa miezi 8. Mteja akaleta patani aliyoinunua mtandaoni, kurasa nne za Kiingereza. Upana ukatoka sawasawa. Urefu sasa: mistari 22 yote ipo, nimehesabu mara mbili, na sweta imeishia kitovuni. Tena ngumu, ukiiweka mezani inasimama yenyewe kama kopo. Nikaulaumu uzi. Nikashuka Makoroboi kutafuta mwepesi zaidi, nikafuma upya siku tatu. Kitovuni tena.

Kosa lilikuwa kwenye herufi mbili: dc.

Kumbe Kiingereza cha kufumia kipo cha aina mbili, cha Marekani na cha Uingereza, na vifupisho ni vilevile ila maana zimesogea ngazi moja. Mama alifundishwa kwa mdomo na mtu aliyefuata vijitabu vya Uingereza, kwake dc ni lile fundo fupi: unachoma kulabu, unavuta uzi, unavuta tena kupitia vitanzi viwili, basi. Kwa Mmarekani dc ni fundo refu, lile la kuzungusha uzi kwenye kulabu kwanza kabla hujachoma. Urefu wake ni kama mara mbili ya lile fupi. Patani ilikuwa ya Kimarekani, mimi nikaisoma kwa macho ya mama. Hesabu zote sahihi, nguo nusu.

Andikeni hii nyuma ya daftari:

Fundo fupi: Marekani sc, Uingereza dc.
Fundo la kati: Marekani hdc, Uingereza htr.
Fundo refu: Marekani dc, Uingereza tr.
Fundo refu zaidi: Marekani tr, Uingereza dtr.

Cheni (ch) ni ileile kote, na kitanzi cha kufungia (sl st) kwa kawaida hakina ugomvi.

Utajuaje ni ya wapi? Ukiona sc au hdc popote pale, hiyo ni Marekani, maana Uingereza hawana sc. Ukiona htr, ni Uingereza. Mahali pa kuruka fundo, Mmarekani anaandika "skip", Mwingereza anaandika "miss". Na kama patani ni fupi haina alama hata moja kati ya hizo, angalia mstari wa kwanza kabisa. Ikisema dc inaanza kwenye cheni ya nne kutoka kwenye kulabu, hilo ni fundo refu, kwa hiyo Marekani. Ikisema dc inaanza kwenye cheni ya pili, ni fundo fupi, Uingereza. Cheni unazoruka mwanzoni ndizo kimo cha fundo lenyewe, na kimo hakidanganyi. Ningelijua hili, ile sweta ningeifuma mara moja.

Haya, leteni mistari iliyowakwamisha. Nakilini kama ilivyo, msinisimulie.

Kichwangumu wa Buzuruga:

Mleta uzi, kwa nini mateso yote haya? Video zimejaa. Unaweka simu juu ya ndoo, unafuma na mwenzako.

FumuaFuma:

Mkuu, bando nani ananunua? Utani pembeni, video nazipenda kwa kujifunza fundo jipya. Lakini sweta nzima ya video ni saa tatu za kurudisha nyuma sekunde kumi kumi na mikono imejaa uzi. Patani naiandika kwenye karatasi moja, naikunja, naiweka kwenye mkoba. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, foleni ya kivuko pale Kigongo ilikuwa inanimalizia kofia nzima. Sasa unavuka kilomita tatu kwa dakika chache, hata mstari haujaisha. Maendeleo yana hasara zake.

sindano_mpya:

Mimi nilibandika patani kwenye programu ya kutafsiri. Ikanipa: "Mnyororo 3, geuka, mara mbili katika inayofuata mbili, rudia kutoka nyota." Nikageuka kweli, nikamkuta mume wangu ananitazama.

FumuaFuma:

😂😂 Hapo "geuka" ni kugeuza kazi, si mtu. Lakini umegusa jambo zito, maana programu inatafsiri maneno wakati patani imejificha kwenye mpangilio. Tazameni hizi mbili:

2 dc in next st
dc in next 2 sts

St ni fundo, sts ni mafundo. Maneno ni karibu yaleyale. Ya kwanza inasema mafundo mawili ndani ya fundo moja, yaani unaongeza. Ya pili inasema fundo moja moja katika mafundo mawili yanayofuata, hakuna kilichoongezeka. Ukizichanganya kwenye mzunguko mmoja tu, kofia inakuwa sinia.

Ninavyosoma mimi: kila agizo lina vitu viwili, nini nafuma na wapi nachoma. Namba ikikaa kabla ya jina la fundo, inahesabu ninachofuma. Ikikaa baada ya "next", inahesabu mahali pa kuchoma. Naandika kwa Kiswahili changu: "refu 2 ndani ya 1", halafu "refu 1 kila moja, mara 2". Nikishaandika hivyo, Kiingereza nakifunika.

Mabano nayo yana kazi yake. Kwenye vile vipande vya mraba vya blanketi utakuta (3 dc, ch 2, 3 dc) in corner sp. Vyote vilivyo ndani ya mabano vinaingia kwenye tundu moja la kona: marefu matatu, cheni mbili, marefu matatu, hapo hapo, bila kuhama. Wengi wanaweka matatu, wanahama. Kona haipatikani, mraba unakuwa duara lililokosewa.

sindano_mpya:

Na hiyo nyota sasa?

FumuaFuma:

Nyota ni alama ya "rudi hapa". Chukua mfano huu:

*sc in next 2 sts, 2 sc in next st; rep from * 5 more times (24)

Fuma fupi moja, fupi moja, kisha fupi mbili ndani ya moja. Hiyo ni safari ya kwanza. "5 more times" ni safari nyingine tano juu ya ile uliyokwisha kwenda, jumla sita. Wengi hapa wanafanya tano wakabaki wanatafuta mwizi. Sasa jipime kwa ile 24 ya kwenye mabano: kila safari imekula mafundo 3 ya chini na kuzaa 4 juu. Mara sita, umekula 18, umezaa 24. Namba ya mwishoni mwa mstari usiichukulie kama pambo. Ndiyo risiti yako. Isipolingana, usiendelee, hata kama kwa macho inapendeza.

nyavu_mwaloni:

Nimeingia uzi huu nikidhani ni wa nyuzi za nyavu, nimekuta mambo ya sweta, nikakaa. Mimi nashona nyavu hapa Mwaloni, Kirumba, mwaka wa 15 sasa. Sisi hatuna karatasi. Mwenye mtumbwi anataja ukubwa wa jicho kwa inchi na idadi ya macho kwenda chini, imetosha. Lakini hilo la kuhesabu ni lilelile. Jicho moja likipotea juu hulioni siku hiyo. Utaliona chini wavu unapoanza kuvuta upande, na hapo umeshashona mchana kutwa.

Kitu kimoja niwape: sisi tunafunga kikamba cha rangi kila baada ya macho kadhaa. Usihesabu kutoka mwanzo kila mara, hesabu kutoka kwenye rangi.

FumuaFuma:

Kaka, karibu sana, na wewe ni mfumaji mwenzetu. Hilo la kikamba ndilo wenzetu wanauziwa kwa jina la alama za mafundo, vipete vya plastiki vya rangi. Mimi natumia vipande vya uzi mwekundu, na pini ya kitenge ikibidi. Ukifuma cheni 120 za kuanzia blanketi, weka uzi wa rangi kila baada ya 20. Mtoto akikuita katikati hutaanza upya.

bibi_wa_vitambaa:

Wanangu, mwangaluka. Nina kero ya miaka. Nikifuma mstari kwa mstari kwa yale marefu, naanza na 20. Mstari wa pili nina 19. Wa tatu 18. Blanketi la mjukuu limekuwa pembetatu. Mikono yangu haijakosea, nimefuma tangu kabla nyie hamjazaliwa.

FumuaFuma:

Shikamoo bibi. Mikono haina kosa, kosa ni la cheni tatu za kupandia.

Unapogeuza kazi, patani ya marefu kwa kawaida inakwambia ch 3. Zile cheni tatu zinasimama badala ya fundo refu la kwanza, zinahesabiwa. Kwa hiyo fundo la kwanza kabisa chini yake unaliruka, unachoma la pili. Hapo wengi wapo sawa. Sasa nenda mwisho wa mstari: fundo la mwisho linatakiwa kuchomwa juu ya zile cheni tatu za mstari uliopita, kwenye cheni ya tatu, ile ya juu kabisa. Haifanani na fundo, imekaa kama uzi uliolegea pembeni, ndiyo maana mtu anaiacha. Kila mstari unaacha moja, na pembetatu yako ndipo inapozaliwa.

Chukua sindano ya kushonea, bibi, ingiza kwenye ile cheni ya juu uiache hapo kama alama kabla hujageuza. Ukirudi utaikuta.

Kwa mafundo mafupi hali ni tofauti: ch 1 ya kupandia mara nyingi haihesabiwi, unachoma fundo la kwanza palepale chini yake. Patani nzuri inaeleza mwanzoni kama cheni inahesabika au haihesabiki. Isiposema, angalia idadi ya kuanzia. Ukitaka marefu 20 na unaanzia cheni ya nne, lazima ufume cheni 22, maana tatu ulizoruka zimekuwa fundo moja. Ukitaka mafupi 20 unafuma 21, unaanzia ya pili. Patani ikikupa 22 kwa 20, basi ile ya kupandia inahesabiwa.

bibi_wa_vitambaa:

Marahaba. Miaka yote hiyo nilikuwa naongeza moja kwa siri mwishoni ili nifike.

FumuaFuma:

Bibi, na hiyo ni patani, ila haijaandikwa.

Kichwangumu wa Buzuruga:

Sawa nimebadilika, naomba msaada kwa niaba ya mke wangu (kweli ni mke wangu). Patani imeandika ch 60 (66, 72, 78). Amefuma 60, akaongeza 66, akaongeza 72. Cheni imetoka mlangoni.

FumuaFuma:

Mwambie pole, na umletee soda. Hizo ni saizi nne: namba ya nje ni ndogo kuliko zote, za ndani ya mabano zinafuata kwa kupanda. Anachagua moja, mathalani ya tatu, anapitia patani yote na kalamu akizungushia ya tatu kila mahali. 72 hapa, na kule kwenye mkono namba ya tatu vilevile. Afanye hivyo kabla ya kugusa uzi. Nguo yenye mwili wa saizi kubwa na mikono ya saizi ndogo nimeshaiona, ilivaliwa na mwanasesere.

mvivu_wa_kupima:

Mimi nafuata kila kitu, risiti zinalingana, bado sweta zangu zinatoka kubwa. Patani inasema kulabu namba 8, na yangu imeandikwa 8.

FumuaFuma:

Namba 8 ya wapi? Kwa namba za zamani za Uingereza, 8 ni milimita 4. Kwa Marekani, 8 (huandikwa na herufi H) ni milimita 5. Halafu zile za Uingereza zinakwenda kinyume, namba ikipanda kulabu inakonda. 14 ni milimita 2. Kulabu za kurithi kutoka kwa bibi nyingi ni hizo. Amini milimita tu. Kama zimefutika, chukua rula upime unene wa shina lililonyooka, si ncha.

Na jina lako limenichekesha, maana dawa yako ni kupima. Patani inasema, tuseme, mafundo 15 kwa sentimita 10. Fuma kipande cha majaribio kikubwa kidogo kuzidi hapo, kilaze mezani bila kukivuta, hesabu katikati. Ukipata 18 unakaza mkono, ukipata 12 unalegeza. Ni kidogo? Piga hesabu: mafundo 90 kwa 15 ni sentimita 60. Mafundo hayo hayo kwa 18 ni sentimita 50, na kwa 12 ni 75. Kifua cha mtoto na cha baba yake. Ukilegeza, shuka kulabu moja nyembamba, jaribu tena. Najua inachosha. Na mimi kwa kitambaa cha kochi sipimi, kochi halilalamiki.

sindano_mpya:

Kuna rafiki kanitumia patani ya Kijapani, hata herufi sizijui, ina mchoro tu wa vialama. Niitupe?

FumuaFuma:

Usiitupe! Hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, haina Umarekani wala Uingereza. Kiduara kilicholala kama punje ya mchele ni cheni. Nukta nyeusi ni kitanzi cha kufungia. Alama ya kujumlisha au x ni fundo fupi. T tupu ni la kati. T yenye mkato mmoja mwilini ni refu, mikato miwili ni refu zaidi. Kwa marefu, mikato ni idadi ya kuzungusha uzi kwenye kulabu. Alama mbili zikiota kwenye shina moja, unachoma pamoja chini. Zikikutana vichwa, unazifunga pamoja juu, yaani unapunguza. Kitu cha duara anzia katikati utoke nje, kinyume cha saa kama unatumia mkono wa kulia. Mama yangu nilimwonyesha mchoro kama huo mwezi uliopita. Akautazama kama anavyotazama kitambaa cha jirani, akaomba kulabu.

BintiKerewe:

Samahani naingilia, nipo kwenye meli kwenda Nansio, mtandao unakatakata. Nafuma kofia ya mafupi kwa kuzunguka bila kufunga. Mzunguko wa 8 patani inasema 48, mimi nina 47. Imeanza kujikunja kidogo upande mmoja. Nifumue yote?

FumuaFuma:

Usifumue yote. Kofia yako ilianza na 6, kila mzunguko unaongeza 6: 12, 18, 24, mpaka 48. Maana yake ina vipande 6 vinavyolingana, kama chungwa. Mzunguko wa 8 kila kipande ni fupi 6 za kawaida na mbili ndani ya moja, jumla 8. Tafuta mahali pa kuongezea, pale mafundo mawili yametoka tundu moja kama V, uhesabu kutoka V hadi V. Kipande kimoja kitakuwa na 7.

nyavu_mwaloni:

Na ufunge kikamba cha rangi mwanzo wa mzunguko, binti. Bila kufunga mzunguko huwezi kujua umeanzia wapi.

FumuaFuma:

Akusikie. Na kwa wengine: duara likijikunja kama bakuli umekosa kuongeza, likicheza mawimbi kama jani la kabichi umeongeza kupita kiasi. Kwa marefu mara nyingi ni 12 kila mzunguko, si 6.

BintiKerewe:

Mtandao umerudi. Kipande cha tano kina 7, niliongea na mama wa pembeni hapo hapo. Nafumua mpaka hapo.

bibi_wa_vitambaa:

Mama wa pembeni ndiye adui wa patani zote.

mvivu_wa_kupima:

Nimepima. 13. 🙄

BintiKerewe:

48! Kikamba nimefunga, nimechomoa kwenye kanga ya huyo huyo mama wa pembeni. Nansio naiona.